Programu ni ya bure, lakini nani ataitunza? Naomba ushauri (Kisumu)

Mwana_Kajulu: Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu hapa Kisumu kinahifadhi picha za zamani na sauti za wazee wakipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Tunatumia Omeka Classic, programu ya kuweka makusanyo kama haya kwenye tovuti, kwa sababu haina ada ya leseni. Kijana aliyekuwa akitutunzia mtambo amepata kazi Nairobi, na sasa wanaotupangishia seva wanataka kubadilisha toleo la PHP, lugha ya kompyuta ambayo Omeka imeandikwa nayo. Wanachama wananiuliza: kama programu ni ya bure, mbona tunachanga kila mwaka? Wengine wanasema tuhamishie kila kitu Facebook. Roho inaniuma, maana baadhi ya wazee hao wameshatutoka. Tufanyeje?

Mkutubi_Luanda: Pole ndugu yangu. Facebook hapana. Picha zitapunguzwa ubora, na maelezo yenu ya nani, wapi, mwaka gani, hayatakuwa na mahali pake. Kabla hamjagusa PHP, nakilini vitu viwili: hifadhidata, na folda iitwayo files, hasa files/original iliyo ndani yake. Wengi hunakili hifadhidata peke yake. Siku ya kurejesha wanakuta majina na tarehe zote zipo, picha hata moja hakuna. Halafu ifungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafanya kazi. Nakala ambayo haijajaribiwa msiihesabu.

MamaKhayega: Huku Kakamega tumeungana vikundi vitatu. Tunachanga kila mwezi kama chama chochote, pesa zinaingia M-Pesa ya mweka hazina, tunamlipa fundi mmoja. Sharti letu ni kwamba akifanya kazi, vijana wawili wakae naye na waandike kila hatua daftarini. Akihama, daftari linabaki.

Fundi_Nakuru: Mama amesema kweli, na hata wenye programu wanaishi hivyo hivyo. Koha, programu ya kuendeshea maktaba, ilianzia kwenye maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000. Wakaiachia wazi ili yeyote aitumie na kuirekebisha, leo inatunzwa na watu wa nchi nyingi. DSpace, programu ya kuhifadhia tasnifu na makala ambayo vyuo vikuu vyetu vingi vinaitumia, ilitolewa na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 2002. Sasa iko chini ya shirika liitwalo Lyrasis, na taasisi wanachama hulipa ada. Omeka yenyewe ilitoka George Mason University mwaka 2008 kwa pesa za ruzuku, na ruzuku huisha. Kwa hiyo waambie wanachama wako kwamba leseni ndiyo ya bure, kazi ya mtu haijawahi kuwa bure. Kama hamna pesa, tafsirini vitufe vya Omeka kwa Kiswahili, au mkikuta hitilafu waandikieni watengenezaji: toleo gani, mlibonyeza nini, ujumbe gani ulitokea. Huo ni mchango mkubwa.

Mwana_Kajulu: Ahsanteni sana. Kunakili tunaanza Jumamosi. Mama, fundi wenu anaweza kubeba kikundi cha nne?

MamaKhayega: Nitamuuliza kesho. Njoo na vijana wako wawili.