Tupeane uzoefu: ulimwaminije Mungu wakati huelewi anachofanya?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naanza mwenyewe, ili nisiwaombe jambo ambalo mimi sijalitoa. Miaka sita iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 38, na mtoto hakuwa na uhai. Mimba yote ilikwenda vizuri mpaka siku mbili kabla, nilipoona hachezi. Nilirudi nyumbani na begi lile lile nililokwenda nalo hospitali, nguo zake zimekunjwa vile vile, kofia ndogo ya manjano juu kabisa. Siku ya tatu maziwa yakaanza kutoka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa huja hata kama mtoto hayupo. Nilijifungia bafuni, nimejikaza kifua kwa shuka, nikawa narudia neno la Zaburi ya 13: hata lini?

Watu walikuja kunipa pole, Mungu awabariki. Lakini wengi walisema yale yale: ni kusudi la Mungu, Mungu kampenda zaidi, utapata mwingine. Nilikuwa naitikia amina huku moyo unakataa. Aliyenishika mkono kweli ni mama mmoja wa kanisani. Aliingia, akavua viatu, akakaa sakafuni karibu na kitanda changu. Hakusema neno mpaka jua linazama. Akaosha vyombo vilivyokuwa vimelala tangu juzi, akaenda zake. Kesho yake akarudi.

Baadaye nilisoma kitabu cha Ayubu upya. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya. Waliharibu walipoanza kumweleza sababu za Mungu. Na mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu yule yule aliyeilaani siku aliyozaliwa! Hapo ndipo nilipojua kwamba naweza kulia mbele za Mungu nikabaki mtoto wake.

Mpaka leo sijui kwa nini mwanangu alikufa. Nina binti sasa, nampenda sana, lakini yeye si jibu la swali lile. Warumi 8:28 nimeishika kwa namna nyingine: haisemi mambo yote ni mema. Inasema Mungu hufanya kazi katika mambo yote. Hata bafuni mle, kwa hiyo.

Karibuni. Naomba tusilete mahubiri, tuleteni yaliyotupata.

Baba wa watatu

Pole sana dada. Mimi nilifukuzwa kazi kwa wizi ambao sikuutenda. Nilikuwa mtunza ghala, mzigo ukapotea, saini iliyokuwa kwenye daftari ni yangu. Nilikuwa nimesaini nikimwamini mwenzangu kwamba ameshahesabu. Nilitoka getini mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka tisa, hakuna aliyeinua macho.

Kila mtu aliniambia "kumbuka Yusufu". Nikaamua kumkumbuka kwa kalamu na karatasi. Habari yake inaanza ana miaka 17, anasimama mbele ya Farao ana miaka 30. Hiyo ni miaka 13, na miwili kamili kati ya hiyo ni baada ya mnyweshaji kutoka gerezani na kumsahau. Na lile neno tunalolipenda, "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema", hakulisema gerezani. Aliwaambia ndugu zake waliomuuza, baba yao alipokwisha kufa, yeye mwenyewe ni mtu wa miaka 56 hivi. Karibu miaka 40 tangu auzwe! Ndani ya shimo hakuna maandiko yanayoonyesha kwamba alijua lolote.

Hilo liliniondolea mzigo wa kulazimika kueleza. Jina langu halijasafishwa. Mwenzangu yule tunapishana njiani, nimemsamehe mara nyingi, maana kusamehe kwangu hakukuisha siku moja. Kazi ninayo, ndogo kuliko ile. Nahesabu mzigo mwenyewe kabla ya kusaini.

Binti wa selimundu

Mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa. Maumivu yakinishika huwa ni kama mtu anapasua mifupa kwa ndani, na yanaweza kunilaza siku nne au tano. Nimeombewa tangu mtoto. Kilichoniumiza kuliko ugonjwa ni kuambiwa, nikiwa na miaka 16, mbele ya kusanyiko, kwamba imani yangu ndiyo haijatosha. Nikaacha dawa kuonyesha imani. Nilikaribia kufa.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Jibu lilikuwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Hakuna mahali Mungu alimwambia Paulo kwamba imani yake ni ndogo. Naomba viongozi wanaosoma hapa wasiupite mstari huu haraka. Sasa nakunywa dawa kila siku na kuomba kila siku, sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Kusudi? Labda nitaliona, labda sitaliona nikiwa hapa duniani. Usiku wa maumivu sifikirii kusudi hata kidogo. Nasema tu "Bwana uko hapa", nasema mpaka kunakucha.

Mjane

Nilifunga siku 21 mume wangu apone. Alikufa siku ya 19. Zile mbili zilizobaki nilizimalizia, sijui kwa nini, nadhani sikutaka Mungu na mimi tuachane katikati ya maneno. Viatu vyake vya kazi vilikaa mlangoni na tope lake mwaka mzima.

Vijana wa Danieli 3, walipotishiwa kutupwa katika tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo". Mimi ni mtu wa "kama si hivyo". Bado ni wake.

Mzee wa kanisa

Nawasalimu wote. Wanangu, kila harusi na kila mahafali nasikia Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nami nilikuwa nalihubiri hivyo hivyo. Ni sehemu ya barua kwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli, na mstari wa 10 unawaambia itakuwa miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia ile barua alijua atazikwa huko huko. Na agizo lilikuwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule.

Mwanangu wa kwanza aliondoka nyumbani kwa ajili ya madawa ya kulevya. Ni mwaka wa 11. Miaka mingi nilikataa kufanya chochote mpaka arudi. Chumba chake nilikifunga, hata sherehe za wadogo zake niliziahirisha. Mwaka jana nilikitoa kitanda chake nikampa kijana aliyekuwa analala chini. Mke wangu alilia, nami nililia tukikifungua misumari. Kumwombea sijaacha. Ila nimeanza kupanda bustani Babeli.

Mgeni humu

Mimi sina ushuhuda. Miezi minane siwezi kuomba, nikipiga magoti hakuna linalotoka. Nimesoma yote mliyoandika.

Mwanzisha mada

Mpendwa, asante kwa kuandika hata hivyo. Soma Zaburi ya 88. Inaishia gizani, haina mstari wa kuinua moyo mwishoni, na bado imewekwa kwenye Maandiko ili watu waiombe. Ukishindwa kuisoma, niambie, nitaisoma mimi kwa niaba yako.

Mzee wetu, hilo la kitanda limenikalisha. Begi la mwanangu bado liko juu ya kabati.

Mgeni humu

Nimeisoma. Sikujua kuna zaburi ya namna hiyo. Kesho saa tatu asubuhi naingia chumba cha upasuaji, ni uvimbe, hawajui ni wa aina gani. Naogopa, na sijawaambia nyumbani.

Mwanzisha mada

Saa tatu nitakuwa nimekaa sakafuni, viatu nimevua. Nitakutajia kwa Bwana mpaka utakapotoka. Usiku huu, ukiweza, waambie nyumbani.

Mjane

Na mimi nipo.

Baba wa watatu

Tupo. Ukiamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, andika neno moja tu.