Seva ya Minecraft kwenye OptiPlex 7010 inaganda wachezaji wakifika kumi

dagaa_64

Wakuu, habarini. Mashine ni OptiPlex 7010 ya mtumba: prosesa i5-3470, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ndani kuna Ubuntu Server 24.04, Java 21 na Paper 1.21.4 (programu ya seva ya Minecraft). Wachezaji wakiwa watano mambo shwari. Wakifika tisa, kumi, ng'ombe wanaganda, tofali ulilovunja linarudi, mlango unafunguka baada ya sekunde mbili. Naiwasha hivi:

`java -Xms1G -Xmx7G -jar paper.jar`

Kwenye sysctl.conf (faili la mipangilio ya Linux) nimebandika mistari kama ishirini ya "kuharakisha mtandao" niliyookota huku na kule, wala sijaona tofauti. Niongeze RAM ifike 16, au kuna cha kurekebisha kwanza?

nahodha_tty

Weka hela mfukoni kwanza, mkuu. Hizo dalili si za mtandao. Minecraft hupiga tiki 20 kwa sekunde, yaani kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zote: wanyama, mimea, redstone (umeme wa mchezo), maji. Zikizidi hapo dunia nzima inapunguza mwendo, hata kwa mtu aliyekaa chumba kimoja na mashine. Mtandao mbovu humuumiza mchezaji mmoja mmoja. Tiki nzito huumiza wote kwa mpigo. Ile mistari ishirini ifute. Kwa watu kumi seva haikaribii kabisa kujaza bafa (nafasi za kusubiria data) za mtandao za Linux.

Halafu hiyo `-Xmx7G` ni mtego. Namba ile ni ya eneo la vitu vya mchezo tu. Nje yake Java inahitaji nafasi ya nyuzi zake, msimbo uliokwisha tafsiriwa na bafa, na Ubuntu nayo inataka chake, pamoja na akiba ya mafaili. Ukijumlisha unavuka GB 8, kerneli (moyo wa Linux) inaanza kusukuma kurasa za kumbukumbu kwenye swopu, sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada. Msafisha kumbukumbu wa Java akija kupita humo, anakuta nusu ya mzigo uko kwenye diski inayozunguka. Kusita kwa milisekunde kunageuka kwa sekunde.

Wakiwa kumi ndani, tuletee vipimo hivi: `/mspt` kwenye mchezo (milisekunde kwa kila tiki), na kwenye terminali `vmstat 1` (safu za si na so: kinachorudi kutoka swopu na kinachokwenda huko) na `iostat -x 1`. Hiyo ya pili iko kwenye kifurushi cha sysstat.

dagaa_64

Nimepima. MSPT wastani 38, kilele 2140. Safu ya so inaruka kutoka sifuri hadi maelfu kila baada ya muda. iostat: %util 99 (diski ina kazi karibu muda wote), w_await 180 na ushee (milisekunde za kusubiri kila uandishi). Kilele kinakuja zaidi mtu akiruka na elytra (mabawa ya mchezo) kwenda maeneo mapya.

nahodha_tty

Basi jibu umelileta mwenyewe. Wastani wa 38 uko chini ya 50, kwa hiyo prosesa inajikongoja lakini inafika. Kile kilele cha 2140 ni diski, na inabanwa pande mbili kwa wakati mmoja: swopu na uandishi wa chanki (vipande vya ramani vya tofali 16 kwa 16).

Anza na swopu. Shusha Java iwe GB 5, Xms na Xmx zilingane ili isiombe nafasi katikati ya mchezo. Weka `vm.swappiness=10` kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, kisha `sudo sysctl --system`, ili kerneli isikimbilie swopu. Na seva uiendeshe kama huduma ya systemd, si kwenye terminali iliyoachwa wazi:

```
[Service]
User=minecraft
WorkingDirectory=/opt/minecraft
ExecStartPre=+/usr/bin/cpupower frequency-set -g performance
ExecStart=/usr/bin/java -Xms5G -Xmx5G -XX:+UseG1GC -XX:MaxGCPauseMillis=200 -XX:+AlwaysPreTouch -XX:+DisableExplicitGC -jar paper.jar nogui
Nice=-5
Restart=on-failure
SuccessExitStatus=143
TimeoutStopSec=120
```

Alama ya `+` inaipa cpupower (inayopandisha kasi ya prosesa) mamlaka ya root ingawa huduma yenyewe ni ya mtumiaji wa kawaida. 143 ndiyo namba Java inayotoka nayo ikizimwa kwa adabu. Usipoitaja, systemd itaandika kuwa huduma imeanguka. Sekunde 120 ni za kumaliza kuhifadhi dunia kabla haijauawa kwa nguvu. Na usishtuke `free -h` ikionyesha GB 5 zimeliwa dakika ya kwanza tu, AlwaysPreTouch ndiyo kazi yake.

bi_kerneli

Naongezea upande wa chanki, maana hapo ndipo elytra inapokuulia seva. Kutengeneza ardhi mpya ni ghali kuliko kusoma iliyopo. Weka plagini (programu-nyongeza) ya Chunky inayotengeneza ardhi mapema, usiku watu wametoka uendeshe:

```
chunky radius 3000
chunky start
```

Hiyo ni mraba wa tofali 6000 kwa 6000, kama chanki 140,000. Ukipata 20 kwa sekunde ni takriban saa mbili. Kwa diski yako tarajia zaidi. Ikiisha, funga mpaka kwa `worldborder set 6000`, vinginevyo watavuka na kurudisha tatizo lile lile. Kama kitovu cha Chunky si 0,0, mpaka nao uuhamishe.

Kwenye server.properties, view-distance (umbali mchezaji anaoona) ya kawaida ni 10: chanki 441 kwa kila mchezaji aliye peke yake. Ukiweka 6 zinakuwa 169. Simulation-distance (umbali ambao vitu vinaendelea kufanya kazi) shusha hadi 5, zinabaki 121 zinazofanya kazi. Mashamba ya mbali yatalala mwenye nayo akiondoka, waambie mapema wasije kulalamika ngano haikui.

Na hela ya RAM nunua SSD ya SATA ya GB 240. 7010 hii haina tundu la M.2, usiuziwe NVMe.

mpare_root

Kabla ya SSD kuna njia ya bure: `sync-chunk-writes=false`. Seva haisubiri tena diski ithibitishe kila chanki.

bi_kerneli

Ni kweli inasaidia, ila useme na bei yake. Umeme ukikatika, chanki ambazo kerneli ilikuwa bado haijaziandika zinapotea au zinaharibika, na faili moja la .mca lina chanki 1024. Bila UPS nisingeigusa. Ukiwa nayo, sawa, lakini iunganishwe kwa USB na NUT au apcupsd (programu zinazoisikiliza UPS) izime mashine kabla betri haijaisha. UPS isiyoongea na kompyuta inakuahirishia tu msiba kwa dakika kumi.

Nakala za akiba nazo zina utaratibu: `save-off`, kisha `save-all flush`, subiri ijibu kwamba imehifadhi, nakili folda za dunia kwa rsync, mwisho `save-on`. Ukinakili bila `save-off` unapata mafaili yaliyopigwa picha katikati ya sentensi. Kama amri hizo unazituma kwa RCON (njia ya kuamuru seva kupitia mtandao), mlango 25575 usiufungue kwenye ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu. Nje iende 25565/tcp peke yake.

dagaa_64

Shukrani wakuu. Nimeshusha Java hadi 5, view 6, simulation 5, Chunky imemaliza. Watu kumi na moja: wastani 29, kilele 310, so sifuri. SSD naagiza. Ila baada ya saa kama mbili wastani unapanda hadi 45 na wachezaji ni wale wale.

nahodha_tty

Hiyo inanukia joto. Soma hii mwanzoni, na tena baada ya saa mbili:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`

Namba ikipanda, prosesa inajipunguza kasi isiungue, na uzi mkuu wa mchezo unakaa kwenye kiini kimoja, kwa hiyo hasara yote unaila wewe. Fungua kasha, puliza vumbi kwenye mapezi ya hitsinki (chuma kinachopooza prosesa) huku umeshika feni isizunguke, futa pasta ya zamani kwa spiriti, weka mpya ukubwa wa punje ya dengu. Namba isipopanda, washa `/spark profiler start` (inapima nini kinakula muda wa tiki) wastani ukiwa juu, iache dakika tano, `/spark profiler stop`, halafu ubandike kiungo hapa tuone ni plagini gani au ni zizi la kuku la nani.