Nimebana video kwa H.265, tivii ya mteja inatoa sauti bila picha

mpigavideo_moro: Habari za jioni wakuu, mimi napiga video za harusi na sendofu. Juzi nilikuwa na kazi ya saa tatu, nikaikata vipande vitatu, kila kimoja kwa H.264 (kodeki, yaani njia ya kubana video) kikawa GB 5 na kitu, flashi ikagoma kupokea. Nikaona kwenye programu kuna kodeki mpya zaidi, H.265, nikajaribu, kipande kikashuka mpaka GB 2.7 na nimekodolea macho hata lile shela la bibi harusi sioni tofauti. Nikampelekea mteja kwa furaha. Jana mama wa bwana harusi kanipigia, ndugu wamejaa sebuleni, tivii inaimba tu picha hakuna. Nimeona aibu jamani. Hiyo nusu imeenda wapi kama picha ni ileile, na tivii inakataa nini?

Kodeki255: Pole sana mkuu. Ujue video haihifadhi kila fremu (picha moja moja) nzima, inahifadhi moja kamili halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, yaani bibi harusi anatembea ila turubai nyuma yake limetulia, kwa nini uliandike upya mara 25 kwa sekunde? H.264 ya 2003 inagawa picha kwenye miraba ya pikseli 16 kwa 16. H.265 ilipokuja 2013 mraba ukaruhusiwa kufika 64 kwa 64, kwahiyo turubai jeupe linaelezwa mara moja kwa ujumla, na kwenye maua na vitenge inakata vidogovidogo. Pia inakisia mwendo vizuri zaidi. Nusu yako imeenda huko, hujaibiwa picha.

mama_dishi: Kwenye tivii sasa. Kufungua H.265 ni hesabu nzito, inafanywa na chipu maalumu, na tivii ya zamani haina hiyo chipu, sauti ni rahisi ndo maana inaimba. Hili ndilo linalowabana hata watu wa matangazo. Dar matangazo ya tivii ya analojia yalizimwa 31 Desemba 2012, H.265 ilikuwa bado haijapitishwa, sasa kituo kikihamia kodeki mpya leo ving'amuzi vya zamani vyote majumbani vinakuwa giza, nani atawanunulia watu vingine? Wa intaneti wana nafuu, wanakuwa na faili kadhaa na simu inapewa inayoiweza. Ndo maana Netflix walianza kupeleka AV1, kodeki nyingine mpya, kwenye simu za Android 2020 bila kumzimia mtu tivii. Na walioitengeneza AV1 hawadai ada ya hataza (patent), wakati H.265 wenye hataza wako makundi kadhaa na kila kundi linataka chake, mi naona hiyo ndo iliyoichelewesha kuliko ufundi wenyewe.

fundi_rendering: Kaka rudi kwenye faili la mwanzo, la kabla ya kubana kwa H.265, USIBANE hilo la H.265 tena utapoteza ubora mara mbili. Toa H.264, 1080p, biti 8, weka megabiti 8 kwa sekunde, saa moja inakuwa GB 3.6. Flashi yako iko FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili), haipokei faili linalozidi GB 4, hapo itaingia. La H.265 wape wa simu.

mpigavideo_moro: Nimefanya hivyo usiku, asubuhi nimeenda mwenyewe kwao kuchomeka, imecheza vipande vyote vitatu na mama kanipa chai. Nashukuruni sana. Sasa nikipandisha YouTube nipandishe ipi?

Kodeki255: Ile kubwa ya mwanzo, wao wanaibana upya wenyewe.