Tupeane uzoefu: ni tukio gani lilikufanya ujue uuguzi ndio wito wako, na chuo ulikipataje?

Binti wa Makambako
Wapendwa habari za usiku. Leo nimeenda kumwona jirani aliyelazwa, nikanusa ile dawa ya kudekia wodini, machozi yakanitoka. Mwaka juzi baba alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Ndugu tulikuwa tunaogopa hata kumgusa. Nesi wa zamu ya usiku alikuwa anakuja kila baada ya saa mbili: "Shikamoo baba, nakugeuza sasa, naanza na bega." Baba hakuweza kuitikia hata marahaba, lakini shikamoo haikukosekana. Siku ya nne akanionyesha namna ya kuweka mto katikati ya magoti asipate vidonda vya kulalia. Nikawa namgeuza mwenyewe, wodini hadi nyumbani. Baba alifariki mgongo wake ukiwa mzima, hauna hata mchubuko.
Nilikuwa nimejipanga kwenda ualimu. Sasa nataka uuguzi. Kidato cha nne nina Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Kingereza C. Naanzia wapi?

Mama Pacha
Hapo kwenye marahaba nimeshindwa kuendelea kusoma. Pole mdogo wangu.

Nesi wa Kiume
Mimi kilichonikwamisha ni Fizikia, nilipata F. Nikafanya kazi ya mashine ya kusaga mwaka mzima, jioni nasoma, nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata D. Hiyo D niliilia kama mtoto. Baba mdogo alisema ukoo wetu haujawahi kutoa mwanaume wa kuzalisha wanawake. Leo wakeze wote wawili wakiumwa ananipigia mimi kwanza.

Mkulima Halisi
Baba mdogo wako ana hoja. Leba alipo mke wangu haingii nesi mwanaume.

Nesi wa Kiume
Kaka, zahanati yangu tuko wauguzi wawili, na mwenzangu akiwa likizo nabaki peke yangu. Mkeo akianza kuvuja damu saa nane usiku utamrudisha nyumbani?

Mkulima Halisi
Sijasema hivyo. Usiniwekee maneno mdomoni.

Mbeba Tochi
Acheni kugombana, niwasimulie kilichonileta mimi. Nilikuwa kwenye basi la kutoka Mwanza, tumepita Singida, hatujafika Manyoni, giza limeshaingia. Dada wa siti ya nyuma akashikwa na uchungu, chupa ikapasuka palepale. Akainuka mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge, akasema yeye ni mkunga mstaafu. Akamwamuru dereva asimame pembeni, akawashusha wanaume wote. Mimi akanibakiza kwa sababu simu yangu ilikuwa na chaji.
Mtoto akatoka kimya. Kimya kabisa. Yule mama akamfuta na khanga, akamsugua mgongo kwa nguvu, mimi namulika huku nasali. Alipolia, nje wakashangilia kama mpira. Kondo likatoka, lakini damu haikukoma, ilikuwa inashuka hadi kwenye ngazi za basi. Akamweka mtoto kwenye titi la mama yake, akaweka kiganja juu ya tumbo, akakanda, anakanda huku anamwambia dereva sasa ondoa gari. Akanishika mkono: "Gusa hapa. Likiwa laini niambie." Nikawa nagusa hadi hospitali ya wilaya, limekaza kama mpira wa miguu. Walipompokea, yule mama akanawa kwa maji ya chupa, akaniuliza, "Mwanangu, Baiolojia ulipata ngapi?"

Mama Pacha
Jamani! Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume?

Mkulima Halisi
Huyo mama Mungu ampe maisha marefu. Mama wa mtoto alipona?

Mbeba Tochi
Alipona. Mimi sasa niko mwaka wa pili.

Sista Mstaafu
Binti wa Makambako wamekusahau. Stashahada ni miaka mitatu, wanataka ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia pamoja na masomo mengine yasiyo ya dini. Unazo. Fuata dirisha la udahili la NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, omba mwenyewe, usimpe mtu hela akuombee.

Dokta Mtarajiwa
Mimi ningesema aende kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), kisha shahada Muhimbili, miaka minne na mwaka mmoja wa mafunzo kazini.

Sista Mstaafu
Nani atamlipia? Baba yake amefariki. Aanze na stashahada, shahada itamkuta kazini. Na mikopo ya HESLB, Bodi ya Mikopo, tangu 2023/24 inagusa baadhi ya stashahada za afya pia, ulizia kama uuguzi umo. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, utahesabu nayo mapigo.

Nesi wa Kiume
Viatu kwanza. Saa utaazima, miguu huazimi.

Binti wa Makambako
Asanteni sana. Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja, kesho nadamkia RITA.

Mama Pacha
Mbeba Tochi, bado hujajibu. Wa kike au wa kiume?