Ikiwa siwezi kuamini kwa nguvu zangu, kwa nini naambiwa niamue leo?

Mwalimu wa Kipaimara, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Kilimanjaro, na Jumamosi iliyopita nilikwama mbele ya watoto. Tulikuwa tunakariri maelezo ya Luther juu ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, pale anapokiri kwamba hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia kwa akili au nguvu zake mwenyewe, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Binti mmoja wa miaka 14 akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, jana kwenye mkutano wa injili tuliambiwa tuamue leo, kwa sababu kesho si yetu. Sasa kama siwezi, niamue kwa kitu gani?" Niliwaambia kwamba tutaendelea wiki ijayo.

Ukweli ni kwamba swali hilo linanichoma mimi kuliko linavyomchoma yule binti. Mdogo wangu wa kiume ameongozwa sala ya toba mara tatu. Mara ya mwisho nilikuwa nimesimama karibu naye. Mvua ilikuwa imenyesha, akapiga magoti kwenye matope, kofia ameikunjakunja mikononi, analia kwa kwikwi. Wiki mbili baadaye alikuwa amerudi kwenye kilabu cha mbege. Mhubiri mmoja nilipomuuliza alijibu kwamba hakumaanisha, na mwingine akasema kwamba huenda si miongoni mwa wateule. Mimi niliyemwona akilia siwezi kulikubali la kwanza, na la pili linaninyima usingizi.

Naomba mnisaidie. Je, aliikataa neema, au hakupewa? Na Paulo anapoandika katika Warumi 7:19 kwamba lile jema alipendalo halitendi, anamsema mtu aliyeokoka au ambaye bado?

Mchungaji Mstaafu

Mwalimu, umeuliza swali ambalo wengi wetu tumelibeba mimbarani kwa miaka bila kulitamka.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mahubiri yetu huyachanganya. Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 18, hayasemi kwamba mwanadamu hana hiari kabisa. Yanakubali kwamba anayo kiasi fulani katika mambo yaliyo chini ya akili yake, na mifano yake ni ya maisha ya kila siku: kulima shamba, kuwa na rafiki, kujenga nyumba, kuoa, kufuga mifugo. Asichokiweza pasipo Roho Mtakatifu ni kumcha Mungu na kumtumaini kwa moyo. Luther alipomjibu Erasmus, msomi aliyeitetea hiari ya mwanadamu, mwaka 1525 alishikilia jambo hilohilo, na akaeleza kwamba mwenye dhambi hatendi uovu kama mwizi anayeburutwa kwenda kuadhibiwa, bali anautenda kwa kuupenda mwenyewe. Hapo ndipo utumwa ulipo. Mtu aliyefungwa kamba anaweza kutamani kufunguliwa. Aliyefungwa na kile akipendacho hana pa kuanzia, mpaka apewe pendo jingine.

Mjadala huu, watu husahau, ulipata sura yake hapa Afrika. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa na sala fupi ya kumwomba Mungu ampe kile anachomwagiza, kisha amwagize atakalo. Pelagius, mtu wa Britania aliyekuwa akifundisha Roma, alikereka aliposikia maneno hayo, kwa kuwa aliona yanawapa wazembe kisingizio. Nasi tumtendee haki: aliwaona Wakristo wanaishi ovyo, akataka wawajibike. Kosa lake ni kwamba alimtazama mgonjwa wa kupooza, akamhimiza ainuke kwa sababu miguu anayo. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ulikataa mafundisho ya namna hiyo. Mhubiri aliyekwambia kwamba mdogo wako "hakumaanisha", pasipo kujua, amesimama upande wa Pelagius, maana ameupima wokovu kwa uzito wa nia ya anayelia badala ya uaminifu wa anayeliliwa.

Yule mwingine aliyetaja uteule amekosea kwa upande wa pili. Walutheri walipoandika Kanuni ya Mapatano, tamko lao jingine la imani, mwaka 1577 walikiri kwamba anayeokoka ameokolewa na Mungu peke yake, na anayepotea amepotea kwa kosa lake mwenyewe. Wanafunzi wangu walikuwa wakilalamika kwamba sentensi hizo mbili haziungani. Ni kweli, haziungani, na sijawahi kumwona mtu aliyeziunga kwa nguvu bila kumjeruhi Mungu au mwanadamu. Uteule hausomwi kwenye kilabu cha mbege. Unasomwa katika Kristo, mahali alipomshika mtu kwa mkono. Je, mdogo wako amebatizwa?

Kuhusu Warumi 7, hata Augustino alibadili mawazo. Mwanzoni alidhani Paulo anamsema mtu aliye chini ya sheria, asiyeijua neema bado. Baadaye akafundisha kwamba Mtume anajisema mwenyewe pamoja na waamini wote. Mimi ninakubaliana na Augustino mzee. Mfu hapigani. Anayeuchukia ulevi wake asubuhi, hata kama utamshinda jioni, hapaswi kuhesabiwa haraka miongoni mwa watu ambao Roho hajawagusa.

Katekista, Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Mchungaji amesema mengi ambayo nasi Wakatoliki tunayakiri. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la mwaka 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulifundisha kwamba hiari ya mwanadamu imedhoofika na kuinama, lakini haikuzimika. Kwa hiyo mtu aliyeguswa na neema anaweza kuipokea au kuikataa. Hata hivyo, asidhani mtu kwamba tunamfanya mwanadamu awe wa kwanza kupiga hatua. Mtaguso wa Orange wa mwaka 529 ulikwisha kutamka kwamba hata ile hamu ya kwanza ya kuamini ni zawadi, na ukakataa vikali wazo kwamba Mungu amewapangia watu fulani uovu. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini Tamko la Pamoja linalokiri kwamba binadamu wote wanaitegemea kabisa neema ya Mungu kwa wokovu wao. Tunaposema "kushirikiana na neema", tunamaanisha kwamba ushirikiano wenyewe umezaliwa na neema.

Naongeza jambo moja la kichungaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inatambua kwamba mazoea yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake, au hata kuiondoa. Dada yangu, mdogo wako huenda aliposema "ndiyo" alisema kweli, kisha mwili uliozoea pombe ukamzidi. Kwa sababu hiyo sisi hatuuwekei wokovu jioni moja. Aliyeanguka anarudi kwenye Kitubio, akianguka tena anarudi tena, na padre hana ruhusa ya kumchoka.

Mmethodisti wa Meru

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini nina hofu kwamba tunamfariji ndugu huyu mpaka tunamwondolea heshima ya kujibu. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alifundisha neema itanguliayo, ambayo Mungu huwapa watu wote kabla hawajamtafuta, na ambayo humrudishia mtu aliyeharibiwa na dhambi uwezo wa kuitika. Akiitika, hana cha kujisifia, kwa kuwa sauti ya kuitikia nayo amepewa. Kwa hiyo mhubiri anayesema "amua leo" hadanganyi. Yoshua aliwaambia Waisraeli wachague siku ileile watakayemtumikia, sura ya 24, mstari wa 15. Mwambieni binti yule kwamba anaweza, kwa sababu amewezeshwa, na msimfundishe mtoto kusubiri kuvutwa kana kwamba ni mzigo.

Msomaji, Iringa

Mimi si msomi wa maandiko. Nilikunywa ulanzi kwa miaka 19, na nilikwenda mbele mara nne. Nawaomba mniamini kwamba zote nne nilimaanisha. Kilichobadilika ni kwamba wazee wawili wa kanisa walianza kuja kwangu kila siku saa kumi na mbili jioni, saa ambayo miguu yangu ilikuwa inajua njia yenyewe. Walikaa nami. Siku nyingine hawakuomba hata sala, walizungumza habari za mbolea tu. Mlango nilifungua mwenyewe, hilo siwezi kulikana, lakini kama wasingetembea mpaka mlangoni nisingekuwa na cha kufungua.

Mwalimu wa Kipaimara, Moshi

Nimesoma majibu yenu mara mbili, nikaenda kuisoma Yoshua 24 pamoja na watoto, kama ndugu wa Meru alivyoelekeza. Tulifika mstari wa 15, ambao wote wanaujua. Yule binti hakuishia hapo. Akasoma mpaka mstari wa 19, ambapo watu wamekwisha kuapa kwamba watamtumikia Bwana, naye Yoshua yuleyule anawaambia, "Hamwezi." Darasa likanyamaza. Miaka yote hii nimesikia mstari wa 15 ukihubiriwa, na sikumbuki hata mara moja kusikia huo wa 19, ingawa kati yake ni mistari mitatu tu. Sikuwapa watoto jibu. Niliwaambia wayakariri yote mawili, chagueni na hamwezi, kwa kuwa mtu mmoja ndiye aliyeyasema, siku moja, kwa watu walewale.

Mchungaji, uliuliza habari za ubatizo. Ndiyo, alibatizwa akiwa na miezi miwili. Mimi ndiye niliyeshika taulo, naye alilala tangu mwanzo hadi mwisho, hakuamka hata maji yalipomgusa.

Ndugu wa Iringa, kilabu cha kwetu huanza kujaa saa kumi na moja. Leo nilifika kwake saa kumi na nusu, nikamkuta ameshavaa viatu.