Mkusanyiko wa waandishi chipukizi wa Tanga na Kojani: tuache Kipemba au tusanifishe, na tuchape vipi?

KalamuYaChumbageni aliuliza:

Assalaam aleikum wakuu. Tuko waandishi chipukizi 14. Sita tuko Tanga mjini, wanane wako Kojani, kile kisiwa cha wavuvi mashariki mwa Pemba. Kinachotuunganisha ni dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi wanaohama kufuata samaki. Wavuvi wa Kojani wamepiga dago pwani hii miaka nenda miaka rudi, na wapo waliooa huku wakabaki. Ndiyo maana hadithi zetu nyingi huanzia upande mmoja wa mkondo wa Pemba na kuishia upande wa pili.

Tuna hadithi fupi 9 na mashairi 21, jumla kama maneno 24,000. Hadithi peke yake ni 21,000. Tunataka nakala 200. Tunapokwama ni hapa: wenzetu wa Kojani wameandika kwa lafudhi yao, na mmoja wetu anashauri tusahihishe yote yawe Kiswahili sanifu ili kitabu "kikubalike". Pili, haki za waandishi zikoje ikiwa wengine wako Bara na wengine Zanzibar? Tatu, uchapaji wenyewe. Na zaidi ya yote, tufanyeje kisomwe Kojani kwenyewe, kisiishie kwenye makabati ya Tanga?

---

MhaririMakorora alijibu:

Wa aleikum salaam. Msisanifishe. Nasema hivi kwa moyo mmoja, maana mkishafuta sauti ya Kojani kwenye kitabu cha Wakojani mmebakiwa na karatasi tu. Lakini kuacha lafudhi kuna kazi yake, tena kubwa kuliko kusanifisha.

Adui yenu ni kuyumba. Baharia akisema "kyakula" ukurasa wa tatu na "chakula" ukurasa wa saba, msomaji ataona kosa la chapa, hatasikia Kipemba. Tengenezeni karatasi ya tahajia yenye safu tatu: neno kama mwandishi alivyoliandika, neno kama mlivyokubaliana, na ukurasa lilipojitokeza mara ya kwanza. Kisha mtu aliyezaliwa Kojani ayasome yote kwa sauti. Panapokuwa na ubishi, sikio lake ndilo liamue, si kamusi. Uamuzi uwe wa hadithi moja moja, si wa kitabu kizima. Yupo atakayetaka msimulizi aongee sanifu na wahusika waongee Kipemba, na yupo atakayeandika Kipemba mwanzo mpaka mwisho. Zote ni njia halali mradi ndani ya hadithi asibadilike.

Sherehe ya maneno, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, iwekeni mwisho, isizidi maneno 40. Maneno kama dago, dema (mtego wa samaki), jarife (wavu wa papa) na ngama (tumbo la chombo panapokusanyika maji) msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, ila wa Dodoma atahitaji. Msiweke maana kwenye mabano katikati ya hadithi, inakata pumzi ya msimulizi.

Kwenye mashairi muwe waangalifu mara mbili. Mshairi akitumia "nti" ili apate kina na "kiti", halafu mhariri akaigeuza kuwa "nchi", kina kimekufa na ubeti mzima unachechemea. Mizani nayo ihesabiwe kwa kidole. Chukueni mfano huu:

*Kusi limeshika kasi, mashua zimefungwa*

Kipande cha kwanza: ku-si-li-me-shi-ka-ka-si, nane kamili. Cha pili: ma-shu-a-zi-me-fu-ngwa, saba. Macho hayaoni upungufu, sikio linaona. Ukisema "mashua zote zafungwa" unapata nane na maana inabaki. Kosa jingine la kila siku ni M ya mwanzo: "mchanga" ni mizani tatu, m-cha-nga, lakini "mbuzi" ni mbili. Mhariri asirekebishe mwenyewe. Amrudishie mshairi na kumwonyesha pale palipopungua, kwa sababu huenda mshairi ana neno zuri zaidi.

Jambo dogo linalosumbua sana: ng' ya "ng'ambo" na "ng'oa". Kazi zilizochapwa kwenye simu huja na alama tofauti tofauti, nyingine imenyooka, nyingine imepinda, nyingine imepinda upande usio wake. Zibadilisheni zote ziwe aina moja kabla ya kupanga kurasa. Pia ombeni kila mtu azime kisahihishaji cha Kiingereza kwenye simu, kinabadilisha maneno kimyakimya.

---

Mzalendo_Ngamiani alijibu:

Kuhusu haki: hakimiliki ni ya mwandishi tangu alipoandika, usajili ni ushahidi tu. Ila hapa mna sheria mbili. Bara kuna Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, na Zanzibar kuna COSOZA, kwa hiyo msidhani kujiandikisha huku kunawatosha wenzenu wa huko. Kila mmoja asajili kazi yake upande anakoishi. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, ni habari nyingine. Kitabu kikitolewa Tanga, namba mnaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombeni mapema kabla fundi hajafunga jalada, maana msimbo wake unakaa nyuma ya jalada na kuubandika baadaye kwa karatasi ya gundi ni aibu.

Muwe na makubaliano ya ukurasa mmoja kwa kila mwandishi. Yaseme mambo manne: kwamba anaruhusu kazi yake ichapwe katika toleo hili moja la nakala 200 la mkusanyiko huu, kwamba kazi inabaki mali yake na anaweza kuitoa kwingine, atapata nakala ngapi, na jina lake liandikweje. Hilo la mwisho msilidharau. Kuna anayetaka jina la baba, kuna anayetaka jina la utani analojulikana nalo kisiwani. Aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini naye.

Hesabu ya nakala ifanywe kabla ya kuchapa, si baada. Watu 14 kwa nakala 5 ni 70. Tengeni 20 za skuli, maktaba na amana, yaani nakala za kuwekwa kumbukumbu. Zinabaki 110 za kuuza, na gharama yote ya uchapaji lazima irudi ndani ya hizo 110. Wengi hugawa gharama kwa 200, wakashangaa kwa nini pesa ya toleo la pili haipo.

Na mwenye ndoto ya kushiriki tuzo, kwa mfano ile ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, asome masharti kabla hajatoa sehemu ya mswada wake mrefu kwenu.

Kama kuna hadithi au wimbo uliopokewa kwa mzee, andikeni nani aliusimulia, kwa ridhaa yake.

---

FundiKurasa alijibu:

Nitajibu uchapaji tu.

Kwa A5, herufi za pointi 11, ukurasa wa hadithi unabeba maneno kama 280. Maneno 21,000 ni kurasa 75. Mashairi msiyabane, kila shairi lianze ukurasa wake: mashairi 21 yatakula kama kurasa 32. Kurasa za mwanzo 8, sherehe 3. Jumla 118. Lakini kitabu cha kushonwa hukunjwa mikunjo ya kurasa 16, kwa hiyo mtaenda 128. Hizo 10 za ziada zitumieni kuanzishia kila hadithi ukurasa wa kulia, na maelezo mafupi ya waandishi yakae mwisho. Mkiweza kupunguza mpaka 112 mtaokoa mkunjo mzima, ila msifanye hivyo kwa kubana mashairi.

Karatasi gramu 80. Karatasi moja ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo kurasa 128, yaani karatasi 64, zinakupa mgongo wa milimita 6.4. Mwambieni mchora jalada namba hiyo. Akikadiria kwa macho, jina la kitabu litateleza kutoka mgongoni na kuingia ubavuni. Pambizo ya ndani iwe milimita 20, ya nje 15. Mstari wa mizani 16 utaingia bila kukatika. Picha ya jalada ipitilize ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikihama kidogo utaona mstari mweupe.

Sasa hewa ya bahari. Hili watu wa Dar hawawaambii. Kitabu cha gundi tupu, kikikaa kwenye unyevu na chumvi huku kinafunguliwa na watoto kila siku, huanza kuachia kurasa katikati. Ombeni kishonwe kwa uzi ndipo kitiwe gundi. Pini msizikubali kabisa, za ubavuni wala za katikati, zinapata kutu na kuacha madoa ya kahawia kwenye karatasi. Muulizeni fundi pia nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Zikienda sambamba na mgongo kitabu kinafunguka vizuri. Zikikatiza, unyevu ukiingia kurasa zinakuwa mawimbi na mgongo unavutana. Jalada gramu 300, msishuke chini ya 250.

Kabla ya nakala 200, takeni nakala ya mfano iliyokamilika, imekunjwa na kushonwa. Msiidhinishe kwa kuangalia kioo cha kompyuta. Kwenye karatasi ndipo utaona ukurasa wa 46 umekaa kabla ya wa 45.

---

MwanaDago alijibu:

Ndugu zangu wamesema vizuri, lakini la Kojani mmeliweka mwisho na mimi ningeliweka mwanzo. Kitabu kisomwe kule kabla hakijachapwa. Chukueni hiyo nakala ya mfano, mwende nayo, isomwe kwa sauti.

Siku ya kwenda isiamuliwe na kalenda ya ofisini. Muulizeni kwanza mwenyeji kama wanaume wako dago, maana mkienda wakiwa dago mtasomea nusu ya kijiji. Halafu angalieni mwezi. Wavuvi wanaotumia taa hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawafuati taa, kwa hiyo wapo nyumbani. Mwezi mpevu pia ni bamvua, yaani maji makubwa. Maji hutoka sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na wanaokwenda pwani kutafuta pweza na chaza wanakuwa huko mpaka yaanze kurudi. Kusoma mchana ni kupoteza muda. Maji hujaa karibu saa kumi jioni, ndio wakati mzuri wa chombo kufika bila kushusha mzigo kwenye tope. Basi fikeni jioni, someni baada ya sala ya isha, mbalamwezi inawaka na kila mtu yupo.

Msisome zaidi ya hadithi mbili na mashairi manne. Mwandishi asome yake mwenyewe. Mtu mmoja akae pembeni na kalamu ya risasi, aandike pale wasikilizaji wanapocheka pasipotarajiwa, na pale mzee anaposema "siyo hivyo". Hapo pa mzee ndipo penye thamani. Mkiandika kwamba dema limetegwa mahali ambapo mvuvi hawezi kulitega, Tanga hakuna atakayegundua, Kojani watoto watagundua.

Vitabu vyenyewe vikisafirishwa, funga kumi kumi ndani ya plastiki mbili, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, na usikubali iwekwe chini. Maji ya ngama hayachagui mzigo. Iwe juu ya mbao, mbali na injini na dumu la mafuta, kwa sababu harufu ya dizeli ikiingia kwenye karatasi haitoki.

Na wenzenu wa Kojani wasiache kutuma mafaili mpaka siku ya mwisho. Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka huku Tanga kwa waya wa chini ya bahari, hitilafu ikitokea huku na wao wanaweza kuwa gizani, simu hazina chaji.

---

KalamuYaChumbageni:

Shukrani sana, nimenakili yote. MwanaDago, nakala ya mfano ichapwe moja au zaidi? Na kina mama, wasomewe pamoja na wanaume?

---

MwanaDago:

Tatu. Moja ya fundi, moja yenu, moja ibaki Kojani wiki mbili, ikiwa na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Kuhusu kina mama, msiamue ninyi, muulizeni mwenyeji wenu wa kike. Wakitaka yao peke yao, iwe alasiri ya siku ya pili, na asome mwandishi wa kike. Kama hamna hata mmoja kati ya 14, tafuteni kabla ya kwenda kwa fundi.