Saratani ya mapafu hatua ya nne: tupime jeni kwa kinyama au kwa damu?

Binti_Mzee: Wakuu habari. Baba amekutwa na saratani ya mapafu, aina ya adenokasinoma (inayoanzia kwenye seli za tezi), imeshafika kwenye mifupa. Sigara hajawahi kuvuta maishani. Daktari anataka jeni za uvimbe zipimwe kabla ya dawa yoyote. Kinyama kilichotolewa kwa sindano ni kidogo, kwa hiyo tumeambiwa tuchague: kipimwe hichohicho, au atolewe damu. Baba mdogo anasema tunapoteza muda, kemo ianze kesho. Mliopitia haya mlifanyaje?

Darubini: Pole dada. Mimi ni mtu wa maabara. Kinyama kinatoka kwenye uvimbe wenyewe, na hichohicho kinapimwa PD-L1, protini inayosaidia kujua kama tiba ya kinga itafaa, ambayo kwa kawaida hutaipata kwenye damu. Ubaya wake ni kusubiri, wiki mbili tatu hivi, wakati mwingine zaidi. Damu jibu lake huwahi. Inatafuta vipande vya DNA vinavyomwagwa na seli za saratani. Ikisema mabadiliko ya jeni yapo, dawa inayoyalenga inaweza kuchaguliwa kwa jibu hilo. Ikisema hayapo, hapo bado hujajibiwa, maana kuna uvimbe usiomwaga DNA ya kutosha, hasa ule uliokaa ubongoni tu.

Jambo jingine: msikubali jeni ipimwe mojamoja. EGFR leo, ALK wiki ijayo, ROS1 baadaye, kinyama kimekwisha hata RET hamjaifikia. Ombeni kipimo cha jeni nyingi kwa pamoja.

MkeWaKapteni: Sisi tulitoa damu. Yakaonekana mabadiliko ya jeni ya EGFR, yale ya eksoni 19 (kipande kimoja cha jeni hiyo). Mume wangu anameza osimertinib, dawa inayolenga EGFR, kidonge kimoja kwa siku. Kucha zinamsumbua na tumbo huharisha, ila shambani anakwenda. Utafiti wa FLAURA uliilinganisha na vidonge vya EGFR vya kizazi cha kwanza: kwa wastani ugonjwa ulitulia miezi 18.9 dhidi ya 10.2. Kwa asiyevuta sigara, mimi singeruka kipimo hata kidogo.

Kifimbo: Shemeji ana bahati. Kaka yangu tulisubiri wiki tano, damu haikuonyesha kitu, kinyama nacho vilevile. Akaishia kwenye kemo na tiba ya kinga (dawa za kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani), na wiki hizo alikuwa anakohoa usiku kucha. Kwa hiyo baba mdogo msimcheke.

Darubini: Hasemi uongo. Mgonjwa akizidiwa, daktari anaweza kuanza kemo peke yake na kuiweka kando tiba ya kinga mpaka majibu yatoke. Sababu ni hii: ukitanguliza tiba ya kinga, kisha ikaonekana EGFR ukampa osimertinib, hatari ya mapafu kuvimba vibaya inapanda. Hilo mliulize wazi kabla dripu haijatundikwa.

Binti_Mzee: Asanteni. Na sisi watoto tupimwe? Mama halali kwa hilo.

Darubini: Mwambie alale. Kwa sehemu kubwa mabadiliko haya yamezaliwa ndani ya uvimbe, baba hakuyarithi wala hawarithishi. Ni mara chache sana hutokea vinginevyo, na daktari akiona dalili hiyo atawaambia.

Binti_Mzee: Basi daktari amekubali vyote viwili viende pamoja, damu inatolewa kesho asubuhi.

Darubini: Vizuri. Itolewe kabla ya kemo lakini, kemo ikishaingia ile DNA hupungua kwenye damu.

Kifimbo: Ukipata majibu rudi hapa utuambie, dada.